Dawa ya mbu ipulizwe ndege ikiwa tupu

Ndugu Mhariri,

NATAKA kutoa maoni yangu juu ya upulizaji wa dawa ya kuua wadudu ndani ya ndege zinazokwenda nchi za nje.

Hivi karibuni nilimsindikiza mama yangu mzazi kwenda kutibiwa ng'ambo. Mama ana pumu ya siku nyingi. Milango ya ndege ilipofungwa, nasi tumekwisha funga mikanda, wahudumu wawili walipita katikati ya viti na makopo mikononi, wakipuliza dawa juu ya vichwa vyetu. Tangazo lilitolewa dawa ikiwa imekwisha anza kupulizwa, tena kwa Kiingereza tu. Mama hakuelewa hata neno moja. Alijifunika khanga usoni, akakohoa mpaka nikaogopa. Abiria mmoja nyuma yetu alisema kwa uchungu kwamba tunafanywa ng'ombe wa kuogeshwa joshoni. Wengine walisema ni dharau kwa Waafrika.

Mimi sikubaliani na wanaosema ni dharau. Mbu husafiri bila pasipoti. Mwaka 1930 mbu wa malaria wa Afrika aligunduliwa mjini Natal, Brazil. Inaaminika alivushwa bahari na meli za kasi za Wafaransa zilizochukua barua kutoka Dakar. Mwaka 1938 malaria iliua maelfu ya watu huko, na kazi ya kumfuta mbu huyo ilikamilika mwaka 1940. Tena mwaka 1994, watu wa karibu na uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Paris, waliugua malaria bila kusafiri popote.

Hata sisi tuna haja ya kujilinda. Mbu wa Asia aitwaye Anopheles stephensi alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na baadaye Kenya. Huyu huzaliana katika mapipa na matangi ya maji mijini, na hueneza malaria.

Kwa hiyo sisemi dawa iachwe. Shirika la Afya Duniani linasema halijaona ushahidi kwamba dawa hizi zinadhuru afya zikitumiwa kama inavyoelekezwa. Nazo zimetengenezwa kwa kuiga sumu iliyomo katika pareto, zao ambalo wakulima wetu wa nyanda za juu wanalijua sana. Lakini mwenye pumu akipulizwa usoni katika chumba kilichofungwa, atapata taabu tu.

Jambo linalonishangaza ni kwamba njia nyingine ipo. Dawa ya permethrini hupakwa kwenye kuta, mazulia na viti ndege ikiwa tupu, ikafanya kazi kwa muda wa wiki 8. Au hupulizwa kabla abiria hawajapanda. Australia na New Zealand, ambazo ni kali sana kwa wadudu, huzikubali njia hizo. Tena Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, kifungu cha 22, zinataka kazi hii ifanywe bila kuwaumiza watu, na kwa kadiri inavyowezekana bila kuwasumbua.

Ninashauri mambo matatu. Kwanza, mashirika ya ndege yatumie njia ya ndege tupu kila inapokubaliwa na nchi inakokwenda ndege. Pili, pale ambapo ni lazima kupuliza abiria wakiwamo, waelezwe tangu wanaponunua tiketi, na jina la dawa litajwe, ili mgonjwa amwone daktari wake mapema. Tatu, kwa ndege zinazoondoka kwetu, tangazo litolewe kwa Kiswahili pia, kabla kopo halijafunguliwa.

Mama yangu hakukataa kupulizwa dawa. Alichoniuliza tulipotua ni hiki: "Mwanangu, kwa nini hawakutuambia?" Nilikosa jibu. Naomba wahusika wamjibu.

Msomaji wako,
Dar es Salaam.