Kidonda cha Kinywa Kisichopona: Aliyeacha Tumbaku Naye Apimwe Mapema

Mwananchi aliyevuta sigara au kutumia ugoro kwa miaka mingi, kisha akaacha, anastahili pongezi, kwa kuwa ameshinda uraibu ambao wengi wameshindwa kuuacha. Hata hivyo, mafanikio hayo wakati mwingine huzaa dhana isiyo sahihi, kwamba siku tumbaku ilipoachwa ndiyo siku hatari yake ilipokwisha. Dhana hiyo ikimkuta mtu mwenye kidonda kisichopona kinywani, humpotezea muda. Katika saratani ya kinywa, muda ndio unaoamua aina ya tiba, na mara nyingi huamua uhai wenyewe.

Suala hili linawahusu wakazi wa Kimali na vijiji vingine vya Mkoa wa Simiyu kama linavyowahusu wakazi wa miji mikubwa. Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Shinyanga na wenye makao makuu Bariadi, ni mkoa wa wakulima wa pamba na wafugaji. Kama ilivyo katika maeneo mengi ya vijijini nchini, wapo wazee waliokua wakiona kiko, sigara ya kusokota na ugoro vikiwa sehemu ya mazungumzo ya jioni. Baadhi yao wameacha kwa ushauri wa daktari, kwa sababu za imani au kwa kuhurumia mifuko yao. Swali la uchambuzi huu ni nini wanachopaswa kufanya pale kinywa kinapotoa ishara miaka kadhaa baadaye.

Takwimu zinaonesha nini

Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika mwaka 2018 ulibaini kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima nchini, sawa na takriban watu milioni 2.6, walikuwa wakitumia tumbaku. Kwa wanaume kiwango kilikuwa asilimia 14.6 na kwa wanawake asilimia 3.2. Idadi hiyo ni ya waliokuwa wakitumia wakati wa utafiti. Waliokwishaacha hawamo ndani yake, ilhali nao wamebeba sehemu ya madhara ya miaka waliyotumia.

Duniani, makadirio ya mwaka 2022 ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), yanaonesha kuwa watu wapatao 390,000 waligundulika kuwa na saratani ya midomo na kinywa katika mwaka huo, na zaidi ya 188,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Uwiano huo mkubwa wa vifo unatokana kwa sehemu kubwa na wagonjwa kufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Jambo hili linasikitisha zaidi kwa kuwa kinywa ni sehemu ya mwili inayoweza kukaguliwa kwa macho, bila mashine yoyote, na hata na mtu mwenyewe.

Kwa nini hatari haiishi kwa siku moja

Tumbaku ina kemikali zinazoharibu vinasaba vya chembe hai zinazofunika ulimi, fizi, mashavu na sakafu ya kinywa. Chembe zilizoharibiwa hazigeuki kuwa saratani mara moja. Mabadiliko hayo huchukua miaka. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha leo na dalili zikajitokeza baadaye.

Habari njema ni kwamba kuacha kunasaidia kwa hakika. Taarifa za afya ya jamii nchini Marekani, zikirejea ripoti ya mwaka 2020 ya Daktari Mkuu wa Serikali ya nchi hiyo, zinaeleza kuwa hatari ya kupata saratani ya kinywa na koo kwa aliyeacha kuvuta sigara hupungua kwa nusu ndani ya miaka 5 hadi 10, na huendelea kushuka kadiri miaka inavyosonga. Kupungua kwa nusu, hata hivyo, si kwisha. Aliyevuta kwa miaka 30 na kuacha miaka mitatu iliyopita bado yumo katika kundi linalopaswa kuwa makini.

Wapo pia wanaoamini kuwa ugoro ni salama kwa sababu hautoi moshi. Imani hiyo haina msingi. Tumbaku isiyo ya moshi, iwe ya kunusa, ya kutafuna au ya kuweka mdomoni, imeainishwa na shirika hilo la utafiti katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lile lile ilimo sigara. Pombe nayo, inapotumika pamoja na tumbaku, huongeza hatari kwa kiwango kikubwa kuliko kila moja ikiwa peke yake.

Kidonda gani kitiliwe shaka

Vidonda vingi vya kinywa si saratani. Vingi husababishwa na kujing'ata, jino lenye ncha kali, meno bandia yasiyokaa vizuri, chakula cha moto au upungufu wa virutubisho, na hupona ndani ya siku chache. Magonjwa mengine, yakiwemo kifua kikuu, kaswende na maambukizi yanayohusiana na VVU, nayo huweza kuleta vidonda kinywani, na yote yana tiba yake mahususi. Kwa maana hiyo, kupimwa humnufaisha hata yule ambaye hana saratani.

Kipimo rahisi cha kwanza ni kalenda. Kidonda chochote kinywani kinachozidi wiki mbili bila kupona kinahitaji kuonwa na mtaalamu wa afya. Vivyo hivyo kwa utando mweupe usiotoka kwa kusuguliwa, doa jekundu, uvimbe au ugumu kwenye ulimi, shavu au fizi, kutoka damu bila sababu, jino kulegea pasipo ugonjwa wa fizi unaojulikana, ganzi ya mdomo, ugumu wa kumeza au kufungua kinywa, na tezi ya shingo iliyovimba bila kupungua. Sehemu za kuangaliwa kwa makini zaidi ni kingo za ulimi, chini ya ulimi, mdomo wa chini na mahali ambapo mtu alizoea kuweka tumbaku.

Jambo linalowapotosha wengi ni maumivu. Saratani ya kinywa katika hatua za mwanzo mara nyingi haiumi. Mtu husema kidonda hakimsumbui, hivyo hakuna haraka. Maumivu yanapoanza, ugonjwa unaweza kuwa umekwishaingia ndani zaidi au kufika kwenye tezi za shingo.

Muda unapotea wapi

Ucheleweshaji hutokea katika vituo vitatu. Kituo cha kwanza ni nyumbani. Kidonda husukutuliwa kwa maji ya chumvi, hupakwa dawa za miti shamba, kisha husubiriwa. Kwa mkulima, msimu nao una sauti yake: Novemba na Desemba ni kupanda, na kuanzia Mei ni kuvuna na kuuza pamba. Safari ya hospitali husogezwa hadi fedha za mauzo zipatikane. Chukulia mkulima aliyeona kidonda mwezi Januari akaamua kusubiri hadi Juni. Miezi mitano hiyo inaweza kutenganisha upasuaji mdogo na tiba ndefu inayohusisha upasuaji mkubwa, mionzi na dawa za saratani kwa pamoja.

Kituo cha pili ni duka la dawa au tiba isiyolenga chanzo. Mgonjwa hupewa dawa za kuua bakteria mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, au hung'olewa jino lililolegea bila kuchunguzwa kwa nini limelegea. Kanuni inayofaa kwa mgonjwa na mtoa huduma ni moja: dawa ikitolewa na kidonda kisipone ndani ya wiki mbili, hatua inayofuata ni uchunguzi, si dozi nyingine.

Kituo cha tatu ni baada ya barua ya rufaa kutolewa. Nauli, mahali pa kufikia na ndugu wa kumsindikiza mgonjwa huwa kikwazo, na wengine hawarudi kuchukua majibu ya vipimo. Majibu yaliyobaki maabara hayamtibu mtu.

Njia ya kufuata kutoka kijijini

Mwananchi anaanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo anapaswa kueleza mambo matatu bila kusubiri kuulizwa: kidonda kimekaa muda gani, alitumia tumbaku ya aina gani kwa miaka mingapi, na aliacha lini. Wapo wanaoona aibu kutaja historia hiyo, hasa akina mama waliotumia ugoro kwa siri. Mtoa huduma anaihitaji ili afanye uamuzi sahihi, na wajibu wake wa kitaaluma ni kuitunza kama siri ya mgonjwa.

Kutoka hapo rufaa huelekea hospitali ya wilaya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bariadi, kwa daktari wa kinywa na meno. Daktari hukagua kinywa kwa taa na kioo, hupapasa ulimi na shingo, na akiona shaka huagiza kipande kidogo cha nyama kichukuliwe kwa ganzi na kupelekwa maabara. Kipimo hicho ndicho kinachothibitisha au kuondoa shaka. Macho peke yake hayatoshi. Wanaohitaji matibabu ya kibingwa katika Kanda ya Ziwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza, yenye huduma za saratani, na inapobidi Hospitali ya Taifa Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Dhana kwamba kukata kipande cha kidonda hueneza saratani imewafanya baadhi ya wagonjwa kukimbia kipimo. Kinachoeneza saratani ni kuachwa ikue bila tiba. Waganga wa tiba asili, wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, wana nafasi kubwa hapa, kwa kuwa wengi hufikiwa kwanza. Mganga anayemwelekeza mgonjwa wa kidonda cha muda mrefu hospitalini humpa msaada mkubwa.

Gharama na wajibu wa pamoja

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza wazee wenye umri wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo kupatiwa matibabu bila malipo, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila mwananchi kuwa na bima. Familia zenye mzee aliyewahi kutumia tumbaku zinashauriwa kuhakikisha nyaraka zake za msamaha au za bima ziko tayari kabla ya ugonjwa. Kwa maswali ya afya, Kituo cha Huduma kwa Mteja cha Wizara ya Afya hupatikana kwa kupiga namba 199 bila malipo.

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku tangu mwaka 2003 na iliridhia Mkataba wa WHO wa Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2007. Juhudi hizo zimelenga zaidi kuwazuia vijana wasianze na kuwasaidia watumiaji waache. Kundi la tatu, la wale waliokwishaacha, halisikiki sana katika kampeni. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024, wanaweza kuziba pengo hilo kwa swali moja tu wanapotembelea kaya: je, kuna mtu hapa aliyewahi kutumia tumbaku na ana kidonda mdomoni? Kliniki za shinikizo la damu na kisukari, zinazohudhuriwa na wazee wengi, nazo zinaweza kuuliza swali hilo hilo.

Kwa mwananchi wa Kimali, hatua ya kuanzia haina gharama. Mara moja kwa mwezi, asimame penye mwanga wa jua akiwa na kioo na mikono iliyosafishwa, avute mashavu, anyanyue ulimi, aangalie kingo zake na apapase chini ya taya. Akiona kitu kigeni, aandike tarehe. Wiki mbili zikipita na bado kipo, aende zahanati siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi, na hata kama pamba bado iko shambani.