Mkubwa Anayejiabudu

Ndugu zangu wa Garissa, Wajir na Mandera, kabla hatujampigia mtu vigelegele tukampa kiti, tujifunze kumtambua mkubwa anayejiabudu.

Madaktari wa akili wanalo jina la hali hiyo. Tangu 1980 wenzao wa Marekani wameiweka kwenye kitabu chao cha maradhi, na siku hizi wanaitambua kwa dalili tisa. Mwenye tano huhesabiwa kuwa nayo. Kupima ni kazi ya daktari, wala sikuombi umwite gavana au chifu wako mgonjwa. Wenye majivuno wapo tele, na wengine wao huchapa kazi vizuri tu. Wewe tazama matendo, na la kwanza ni hili: akiletewa habari mbaya, humfanyia nini aliyeileta?

Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulitunyima mvua misimu mitano mfululizo, na malori ya maji tuliyazoea. Lori linafika, picha ya mkubwa imebandikwa ubavuni. Akina mama wamepanga madumu tangu alfajiri, lakini mpira haufunguliwi mpaka mwenyewe afike na wapiga picha wake. Anasimama mzee na kusema kisima cha kijiji kimeharibika, barua ilishapelekwa, jibu hakuna. Hapo mtazame mkubwa usoni. Muungwana atauliza barua alipewa nani. Anayejiabudu atauliza mzee huyu ni wa ukoo gani na katumwa na nani. Habari ya kisima imeishia hapo.

Sisi tunaijua gharama ya kiti kisichoambiwa hapana. Kuanzia hali ya hatari ya Desemba 1963 hadi ilipoondolewa 1991, wakuu wa serikali huku walikuwa na mamlaka ambayo wenzao wa Nyeri au Kisumu hawakuwa nayo. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto, na watu wa Garissa wakasombwa na kuzuiliwa katika uwanja wa shule ya msingi. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliona wanakaribia elfu moja. Sidai kwamba waliotoa amri walikuwa na maradhi ya nafsi. Kuna chuki, kuna woga, kuna sheria mbovu. Lakini mtu wa namna ninayoieleza akikalia kiti cha namna ile, nani atamzuia?

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 73, inasema mamlaka ya kiongozi ni dhamana ya kuwatumikia watu, si nguvu ya kuwatawala. Maneno mazuri. Nasi tunayafuta kwa mikono yetu kila tunapomvika mtu kilemba cha ukoka, msafara wa magari ukipita tunakimbia nyuma yake, na mtoto wa ukoo wetu akikosea tunasema, "Mwacheni, ni wetu." Wengi wa hawa wakubwa tumewalea wenyewe.

Waangalieni wanawake wa Wajir. Mwaka 1993, koo zilipokuwa zikiuana, Dekha Ibrahim na wenzake walianzia sokoni, wakahakikisha mama wa ukoo wowote anauza na kununua bila kufukuzwa. Kisha wazee wakaletwa pamoja, na ukoo mdogo ndio uliotoa wa kuwasuluhisha, kwa kuwa haukuwa na ubavu wa kujitafutia ukubwa. Mwenye kujiabudu asingekubali kukaa chini ya mtu kama huyo hata kwa saa moja.

Basi, nyinyi wazee mnaokutana kugawa viti kwa koo kabla kura hazijapigwa, msitosheke na kumsikiliza mgombea. Mwiteni dereva wake wa zamani, mwiteni karani aliyefanya kazi chini yake, mwiteni na mwalimu aliyewahi kumpinga katika kamati ya shule. Waulizeni siku alipokosea alimlaumu nani. Mkikuta kwamba kila aliyewahi kumpinga alihamishwa au alifutwa kazi, mwambieni ukoo ulete jina lingine.