Rimoti Iliyochekwa na Mabingwa



Juma hili tutazungumza juu ya kifaa cha mchezo. Najua baadhi ya akina mama watataka kufunua ukurasa, wakidhani kuwa habari hizi ni za vijana. Nawasihi wasiufunue. Kisa hiki kinawahusu wao pengine kuliko wana wao, kwa kuwa kilianzia kwenye swali la nyumbani: mbona mchezo wa video unapowashwa sebuleni, watoto husogea karibu na watu wazima huinuka wakaenda zao?

Mnamo tarehe 16 Septemba 2005, katika maonyesho ya michezo ya video ya Tokyo, Satoru Iwata, rais wa kampuni ya Nintendo ya Japani, alipanda jukwaani na kutoa kidhibiti kipya. Kidhibiti, kwa asiyekijua, ni kile kifaa ambacho mchezaji hukishika ili kumwendesha mtu au gari lililomo kwenye skrini. Miaka hiyo vidhibiti vya kampuni zote vilikuwa vimekwisha kufanana: umbo la pembe mbili, la kushikwa kwa mikono miwili, lenye vijiti viwili na vitufe zaidi ya kumi. Alichokitoa Iwata kilikuwa chembamba, kirefu, cha kushikwa kwa mkono mmoja, na vitufe vyake vilikuwa vichache. Kwa umbo hakikuwa mbali na rimoti ya televisheni.

Pamoja nacho ilionyeshwa filamu fupi ya watu wa umri mbalimbali wakikitumia. Huyu akivua samaki, yule akikatakata mboga, mwingine akiongoza okestra, wote wakiwa wamesimama mbele ya televisheni zao. Maana yake ilikuwa wazi. Badala ya kubonyeza kitufe ili mtu wa kwenye skrini aurushe mkono, mchezaji angeurusha mkono wake mwenyewe.

Maoni yaligawanyika papo hapo. Wapo waliosema kuwa hatimaye limetokea jambo jipya katika ufundi uliokuwa umeganda. Lakini wengi miongoni mwa wachezaji wa siku nyingi walicheka. Walisema kampuni imeishiwa fikira hata ikaleta rimoti. Waliuliza jinsi michezo yao mirefu ingechezwa kwa vitufe vichache kiasi hicho. Walisema mkono ungechoka kabla ya nusu saa kwisha, na kwamba hayo yote ni mazingaombwe ya kuvutia macho. Mwezi wa Aprili 2006 jina la mtambo huo lilipotangazwa kuwa Wii, kicheko kiliongezeka, kwa sababu katika masikio ya Waingereza neno hilo linafanana na lile ambalo mtoto wao hulitumia anapotaka kwenda haja ndogo.

Tukitazama vizuri tutaona jambo moja kuhusu waliocheka. Aghalabu walikuwa mabingwa, watu ambao vidole vyao vilikwisha kuzijua njia za kidhibiti cha zamani bila kutazama. Vitufe vile kumi na zaidi havikuwa kikwazo kwao. Vilikuwa ni elimu waliyoichuma kwa miaka. Anayeipunguza elimu hiyo huwa kama amewapokonya kitu. Kwa hiyo hukumu yao ilikuwa ya kweli kwa upande wao. Ila kifaa kile hakikutengenezwa kwa ajili yao peke yao.

Nintendo ilikuwa na sababu ya kujaribu njia nyingine. Kampuni hiyo ilianzishwa mjini Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata, yaani mchezo ambao babu na mjukuu huweza kuucheza kwenye mkeka mmoja. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, ilikuwa imeachwa nyuma katika biashara ya michezo ya video. Mtambo wake uliotangulia, GameCube, uliuzwa takriban milioni 21 na ushei, ilhali PlayStation 2 ya Sony ilipita milioni 150. Kushindana na Sony kwa nguvu za mashine kungehitaji fedha nyingi, na wateja wangekuwa ni wale wale. Iwata alishika njia ya kuwatafuta wasiocheza. Aliona kuwa vidhibiti vya kawaida vinawatisha watu hao hata kabla hawajavigusa. Ndiyo sababu alishikilia kuwa kifaa kipya kiitwe rimoti: rimoti ya televisheni ni kitu ambacho kila mtu nyumbani hukishika bila kufikiri.

Ufundi wake ulikuwa mwepesi kuliko watu walivyodhani. Ndani ya rimoti kuna kihisi kidogo kinachopima mwendo wa mkono kwenda juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kwenye ncha yake kuna kamera ndogo inayoona nuru ya infraredi, ambayo jicho la mwanadamu haliioni. Chini au juu ya televisheni huwekwa kipande chembamba chenye taa za nuru hiyo kila upande, na rimoti hujua inaelekezwa wapi kwa kuzitazama taa hizo. Wajanja waligundua kuwa hata mishumaa miwili inayowaka, ikiwekwa mbalimbali mbele ya televisheni, huweza kushika nafasi ya taa hizo. Msijaribu hayo penye mapazia na watoto.

Wii iliingia madukani Marekani tarehe 19 Novemba 2006 kwa dola 250, wakati PlayStation 3, iliyotoka siku chache kabla yake, ilianzia dola 500. Katika nchi nyingi ilikuja na mchezo mmoja ndani ya kasha, Wii Sports, wenye tenisi, besiboli, gofu, ndondi na bolingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe na kuangusha pini. Hapakuwa na kanuni za kukariri. Anayejua kurusha mkono alijua kucheza. Katika makao ya wazee nchini Marekani yalianzishwa mashindano ya bolingi, na watu ambao magoti yao hayakuweza tena kubeba tufe la kweli wakawa wanashangilia ushindi wakiwa vitini. Hadi utengenezaji wake ulipokoma, Wii ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 100.

Lipo jambo jingine ambalo akina mama watalifurahia. Shigeru Miyamoto ni mbunifu mashuhuri wa Nintendo, aliyemzaa Mario, yule fundi bomba mwenye masharubu. Mwezi wa Machi 2007, mbele ya mkutano wa watengenezaji wa michezo huko San Francisco, alieleza kwa mzaha kuwa kipimo chake cha nyumbani ni mkewe. Kwa miaka mingi mama huyo hakuvutiwa na kazi ya mumewe, kazi iliyosifiwa ulimwengu mzima. Mumewe akawa anatazama, mchezo baada ya mchezo, kama moyo wake unasogea hata kidogo. Mtu huyo angeweza kutosheka na sifa za mamilioni ya vijana. Aliona upungufu katika kazi yake maadamu yumo nyumbani mwake mtu mmoja ambaye kazi hiyo haimsemeshi.

Haki nayo isemwe: waliotilia shaka hawakukosea katika kila jambo. Wachezaji walirusha mikono kwa nguvu hata kamba ya kushikiza rimoti kiganjani ikakatika, na rimoti zikaruka na kuvunja vioo vya televisheni. Desemba 2006, mwezi mmoja tu baada ya mauzo kuanza, Nintendo ilitangaza kubadilisha kamba zipatazo milioni 3.2 kwa kamba nene zaidi. Baadaye ikagawa na vifuniko vya mpira vya kuivalisha rimoti. Tena, katika nyumba nyingi Wii ilishangiliwa miezi michache kisha ikaachwa ikusanye vumbi, kwa kuwa waliokuwa wageni katika michezo hawakuona haja ya kununua mchezo wa pili wala wa tatu. Mtambo uliofuata, Wii U wa mwaka 2012, uliuzwa takriban milioni 13 na nusu tu. Na kidhibiti cha pembe mbili kilichodhaniwa kuwa kimepitwa na wakati kingalipo mpaka leo. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na baadhi ya shangwe zile zilikuwa za unyemi huo.

Hata hivyo, swali alilouliza Iwata halikufa. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa kidhibiti kingine kisichofanana na chochote. Ni ubao mweupe wa bapa wenye vitufe viwili vikubwa vyeusi kama visahani, na nyuma yake matundu 19 ya kuchomeka vitufe na vijiti vya nje. Kilibuniwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Asiyeweza kukunja vidole hubonyeza kwa kiganja, kwa kiwiko au kwa mguu. Hata kasha lake lilitengenezwa lifunguke kwa kuvuta vitanzi, bila kuhitaji kucha wala meno. Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Watu walikwisha kufahamu kuwa umbo la kifaa ndilo linaloamua nani akaribishwe na nani abaki mlangoni, akisikia vicheko vya wenzake.

Hapo ndipo pana funzo kwetu, wazazi wenzangu. Watoto wetu wanacheza michezo hii, iwe nyumbani, kwa jirani au katika vibanda vya mtaani kwa kulipia. Mama wengi hawajapata kukishika kidhibiti hata mara moja. Sababu si ukosefu wa akili. Kile kifaa chenye vitufe tele kinawaambia, kabla ya lolote, kuwa hapa si mahali pao. Mama hurudi jikoni, baba hutoka kwenda barazani, na mtoto hubaki peke yake katika ulimwengu ambao wazazi wake hawajui una nini ndani. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Mchezo wa kuendesha magari na mchezo wa kuua watu kwa bunduki hutoa makelele yanayofanana ukisikiliza kutoka chumba cha pili.

Kelele ya kukataza, ikitoka kwa mtu asiyejua anakataza nini, haimfiki mtoto mbali. Anachokisikia ni kuwa mama hapendi, basi. Lakini mama aliyeketi naye robo saa, akashika kidhibiti kinyumenyume, akagonga gari lake ukutani mara tano na kuchekwa na wanawe, amepata alichokuwa hana. Ameona jina la mchezo. Amejua ni nani anayezungumza na mwanawe kupitia vile visikizio, iwapo mchezo ni wa intaneti. Amesoma kasha pia. Makasha ya michezo mingi inayotoka Ulaya yamechapishwa nambari ya umri: 3, 7, 12, 16 au 18. Neno lake atakapolitoa litakuwa na uzito, liwe la ruhusa au la katazo. Na atakaposema mchezo uzimwe adhana inapolia, au masomo yatangulie, mtoto atajua kuwa anayesema hayo si adui wa furaha yake.

Wala tusiishie kwa akina mama. Tazameni sebuleni mwenu ni nani anayeketi pembeni mchezo unapoanza. Pengine ni nyanya. Pengine ni binti, ambaye kaka zake wamekwisha kumwambia kuwa hii si kazi yake. Pengine ni yule mtoto ambaye mkono wake mmoja hauna nguvu, na ambaye kila mtu amezoea kumwona akitazama tu. Si lazima tununue vifaa vya bei. Mara nyingi yatosha kuchagua mchezo mwepesi wenye kitufe kimoja au viwili, au kuwapa watoto wawili kidhibiti kimoja, mmoja akashika usukani na mwenzake breki. Nami naamini kuwa atakayekuwa wa kwanza kulalamika kuwa mchezo umeharibiwa atakuwa ni yule bingwa wa nyumba. Mvumilieni, kisha mpeni kazi ya kumfundisha nyanya yake.