Ukingo wa Mto Una Habari

Tukitaka habari za kale huwauliza wazee. Leo nawaombeni muulize na mto.

Shukeni wakati wa kiangazi katika bonde la Luiche, mto uingiao ziwani kusini ya Ujiji. Tazameni mahali maji yalipokata ukingo wima. Mtaona udongo umelala tabaka juu ya tabaka. Mchanga na changarawe vyaonyesha mafuriko yenye nguvu, maana maji mapole hayabebi kokoto. Tope laini laonyesha maji yaliyotuama. Udongo mweusi wenye mizizi ya kale ni dalili ya miaka ya utulivu, majani yakaota. Na tabaka likikatika ghafula, kisha jingine likalala juu yake, jueni kwamba hapo mto ulikula kwanza, ukalipa baadaye.

Ziwa nalo lina kazi yake. Likipanda, mto hupunguza mwendo na kutua mzigo wake. Likishuka, mto huchimba tope lake wenyewe. Mwaka 1878 maji ya Tanganyika yalipasua kizuizi cha mto Lukuga, upande wa Kongo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha mita 10.

Wataalamu nao wameshusha mabomba marefu katika tope la chini ya ziwa, wakayasoma matabaka yake. Waliona kwamba tope liliongezeka sana pwani kadhaa baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962. Tena walilinganisha vijito viwili jirani: Mitumba, ulio ndani ya msitu wa Hifadhi ya Gombe, na Mwamgongo, ambao milima yake imelimwa. Mbele ya Mwamgongo tope hujaa upesi zaidi. Mvua ni ile ile. Kilichopungua ni miti.

Basi tope lile ni nini? Ni shamba la mtu. Likifika ziwani hufunika mawe ambako samaki hula na kutaga. Mkulima amepata hasara, na mvuvi naye vile vile.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuache miti isimame kandokando ya mito na penye miteremko mikali. Tulime matuta ya kukingama mteremko, na juu yake tupande majani yashike udongo. Mungu alitukabidhi ardhi tuitunze. Tabaka la masika ijayo bado halijalala. Wajukuu wetu watakapolitazama, watajua tulilimaje.