Vyungu vya kale Nakasero: Neno linalopandisha bei dukani laweza kukwamisha mzigo mpakani

KAMPALA – Katika maduka ya kazi za mikono yaliyopo Barabara ya Buganda, eneo la Nakasero, neno moja laweza kupandisha bei ya chungu mara kadhaa: "cha kale". Chungu kile kile kikiuzwa kama kazi mpya ya mfinyanzi huwa bidhaa ya kawaida ya mtalii. Lakini neno hilo likiandikwa kwenye ankara, mzigo unaweza kukwama Malaba, Mutukula au uwanja wa ndege wa Entebbe. Swali kwa mfanyabiashara na msafirishaji ni iwapo faida ya dukani inafidia hasara ya mpakani.

Ugumu unaanzia kwenye kutambua umri. Wafinyanzi wa jadi nchini Uganda hawatumii gurudumu. Hujenga chungu kwa mkono, pete ya udongo juu ya pete, kisha hukichoma kwenye moto wa wazi. Vyungu vya majumba ya wafalme wa Buganda na Bunyoro vilisuguliwa kwa kokoto na kupakwa grafaiti mpaka ving'ae kwa weusi wenye rangi ya fedha. Ufundi huo ungalipo, hivyo umbo na rangi pekee havithibitishi umri. Hata nakshi ya kuviringisha kamba au majani yaliyosukwa juu ya udongo mbichi imekuwepo eneo la Maziwa Makuu kwa takriban miaka 1,000, na bado inatumika.

Dalili zinazosaidia zipo. Mistari sambamba ya mzunguko ndani ya chungu ni alama ya gurudumu, ambalo lilienea nchini katika karne ya 20. Matumizi ya muda mrefu huacha kitako kilicholika na masizi yaliyozama katika vitundu vya udongo, hasa upande uliokabili moto. Masizi ya kughushi hukaa juu juu, yameenea sawasawa kila mahali, na pengine yananuka rangi ya viatu. Hata hivyo, kufuta chungu kwa kitambaa cheupe kuna mtego wake: grafaiti halisi nayo huacha alama ya kijivu, hivyo kitambaa kuchafuka si ushahidi wa udanganyifu.

Kipo pia kipimo cha maabara. Unga kidogo wa chungu hupashwa moto na mwanga unaotoka hupimwa, ili kukadiria ni lini kilichomwa mara ya mwisho. Lakini kipimo hicho hakisemi chungu kilitoka wapi wala kama kilitoka kihalali, na wanunuzi wakubwa hulipia hayo mawili.

Mfano ni kichwa cha udongo cha Luzira, kilichofukuliwa na wafungwa jijini Kampala mwaka 1929 na ambacho kipo katika British Museum, London. Umuhimu wake unatokana na kujulikana mahali kilipopatikana. Vivyo hivyo, Chuo Kikuu cha Cambridge kilipoleta Kampala vitu 39 mwaka 2024, vikiwemo vya ufinyanzi, kwa mkopo wa awali wa miaka mitatu, kumbukumbu za makumbusho ndizo zilizowezesha kujua ni vya nani. Chungu kisicho na kumbukumbu hubaki pambo, hata kama ni cha kale kweli.

Upande wa sheria nao umebana. Uganda ilidhibiti utoaji wa vitu vya kale kwa sheria ya mwaka 1967, ambayo nafasi yake imechukuliwa na Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kihistoria ya 2023. Kenya ina sheria yake ya 2006 na Tanzania ya 1964. Aidha, tangu Juni 28, 2025 Umoja wa Ulaya unadai leseni ya kuingiza kitu kilichofukuliwa ardhini chenye umri unaozidi miaka 250, bila kujali thamani yake.

Katika orodha ya forodha, pambo jipya la udongo lipo kifungu cha 6913. Kitu cha kale chenye umri unaozidi miaka 100 huenda 9706, na vilivyofukuliwa huangukia 9705. Anayeandika "cha kale" ili kumridhisha mteja anauhamisha mzigo wake kutoka kifungu chepesi kwenda kinachouliziwa kibali. Akikiri mpakani kwamba chungu ni kipya, ankara yake inakuwa tamko la uongo, ambalo ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Wakati huo lori limesimama, pamoja na mizigo ya wateja wengine ambao hawana habari na chungu hicho.

Kwa upande mwingine, kazi mpya ina nafuu yake. Bidhaa za Uganda zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, mzigo ukiwa na thamani isiyozidi dola 2,000, huvuka kwenda nchi nyingine za Jumuiya kwa cheti rahisi cha uasilia bila kutozwa ushuru wa forodha. Jina la mfinyanzi, kijiji chake, mwaka na picha vinatosha kumpa mnunuzi hadithi ya kweli ya kulipia.

Kwa chungu kinachodhaniwa kuwa cha kale, mahali pa kuanzia ni Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira, kabla ya kufunga sanduku na si baada ya kufika mpakani. Msafirishaji naye ana haki ya kudai kuona kibali kabla ya kupakia, kwa kuwa gari litakalozuiliwa ni lake. Mwenye duka anayeuza kipya kwa jina la cha kale huenda akapata faida kubwa mara moja. Anayeuza kipya kama kipya anaweza kuletewa oda ya pili na mteja yule yule.