Usiniambie Kama Steringi Anakufa

Wanaomwaga mwisho wa filamu mitandaoni hawakosi utetezi. Ukiwalalamikia wanakurushia hoja zilezile, na baadhi yake zina uzito kuliko tunavyopenda kukiri. Tuanze na ile inayotamkwa kwa kiburi zaidi.

"Kama hutaki kujua, kaa mbali na simu." Ushauri huu ungefaa enzi zile simu ilipokuwa ya kupigia tu. Leo hiyohiyo ndiyo unayolipia umeme, ndiyo yenye kundi la michango ya msiba, ndiyo bosi anayoitumia kukupa kazi. Chukua msimu wa mwisho wa tamthilia ya Game of Thrones, Aprili na Mei 2019. HBO ilirusha kila sehemu Jumapili saa tatu usiku kwa saa za New York. Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa tayari Jumatatu, saa kumi alfajiri. Wachache walikesha. Wengine waliamka, wakaoga, wakapanda daladala wakiwa na nia ya kuitazama jioni. Kabla hawajashuka, mtu keshapiga picha skrini ya televisheni na kuiweka status: mhusika kalala chini, damu shingoni, na pembeni vikatuni vitatu vya kulia. Aliyeifungua alikuwa anapekua picha za send-off ya binamu yake. Kosa lake hapo ni lipi?

Kinga zipo, na ni vyema kuzitumia. X inakuruhusu kunyamazisha maneno: ingiza jina la tamthilia, kisha majina ya wahusika, maana wamwagaji hawana haja ya kutaja tamthilia yenyewe. WhatsApp inakuwezesha kunyamazisha status za mtu mmoja bila yeye kujua, na kila ukoo una angalau mmoja anayestahili. Lakini kichujio cha maneno hakisomi picha. YouTube ndiyo balaa zaidi, kwa sababu jalada la video na kichwa chake vinakumalizia habari yote kabla hujabonyeza chochote.

"Utafiti ulishaonyesha kwamba kujua mwisho hakuharibu utamu." Hii ndiyo hoja yao nzito. Mwaka 2011, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi 12 za waandishi kama Agatha Christie, Roald Dahl na Anton Chekhov. Waliodokezewa mwisho mapema walizifurahia zaidi kidogo. Sawa, tukubali. Ila hadithi fupi uliyokabidhiwa na mtafiti, ukaimaliza kwa kitako kimoja, haiwezi kufananishwa na tamthilia uliyoifuata tangu 2011 hadi 2019 huku ukibishana na shemeji kila wiki nani atakikalia kiti cha enzi. Tena mwaka 2015 Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum nao walipima kwa hadithi fupi, wakakuta kinyume: raha ilipungua.

Na hata kama wale wa kwanza wangekuwa sahihi moja kwa moja, wastani wa watu wa San Diego haukupi wewe kibali cha kuniamulia mimi. Anayependa kujua mwisho mapema ataupata mwenyewe kwa sekunde kumi. Asiyependa akishaambiwa, hana namna ya kusahau. Kutazama huku unajua kunakuja kwenyewe mara ya pili na ya tatu. Kutazama bila kujua unapewa mara moja tu. Mwongozaji Alfred Hitchcock alilielewa hilo: filamu yake Psycho ilipotoka mwaka 1960 alisisitiza mtu asiingizwe ukumbini ikishaanza.

"Ah, lakini hiyo ni ya zamani." Nusu kweli. Huwezi kudai dunia nzima ikufichie Shakespeare. Hata hivyo, kazi inaweza kuwa kuukuu kwako na bado ni mbichi kwa mwenzako. Tamthilia ya Kituruki ya Muhteşem Yüzyıl ilikamilika kwao mwaka 2014. Anayekutana nayo leo anaanza sehemu ya kwanza kama mtu mwingine yeyote. London nako The Mousetrap ya Christie ilianza jukwaani mwaka 1952, na hadi leo watazamaji huombwa mwishoni wasimtaje muuaji huko nje.

"Sisi Waswahili ni watu wa kusimuliana, haya ni maringo ya Wazungu." Kisha utatajiwa Lufufu na DJ Afro, waliojipatia jina kwa kusimulia filamu juu ya picha na mara nyingine kukudokeza yajayo. Jamani, Lufufu mtu alimfuata! Alilipa kiingilio kibandani au akanunua kanda kwa sababu ya sauti ile. Mmwagaji wa status hakuna aliyemfuata.

"Basi tusiongee kabisa?" Ongeeni. Hapa ninawageukia wa upande wangu, maana wapo wanaotaka ofisi nzima ikae kimya mwezi mzima kwa sababu wao hawajapata nafasi. Ndugu wawili wa familia ya Russo, walioongoza Avengers: Endgame, waliomba mashabiki wasimwage mtama, filamu ilitoka mwishoni mwa Aprili 2019, na ilipofika Mei 6 wakasema marufuku imekwisha. Siku kumi hivi zinatosha kwa filamu. Kwa sehemu ya tamthilia, mimi ningetoa hadi wikendi. Baada ya hapo, aliyechelewa ndiye anayepaswa kusema "jamani, mimi bado", na wenzake wakiendelea, yeye akachote chai.

Lililobaki ni la vidole. Kuandika "tahadhari!" na kumtaja marehemu kwenye mstari huohuo hakumsaidii mtu, macho hayana breki. Telegram ina namna ya kufunika maneno mpaka msomaji ayaguse. Kwenye WhatsApp, acha mistari mitupu ya kutosha hadi ujumbe ujikunje na kuandika "Soma zaidi". Na usimwambie mtu "subiri uone, hutaamini mwisho wake", kwa sababu kuanzia hapo kila mhusika atamtazama kama mshukiwa.