Uwanja wa Ndege Wakati wa Maradhi

Huenda baadhi ya wanachama wakastaajabu kuona gazeti la wakulima wa karafuu linaacha khabari za mikarafuu na kushika khabari za ndege. Karafuu, watasema, haipandi ndege. Inachumwa, inachambuliwa, inaanikwa juu ya majamvi, inatiwa guniani, inapelekwa kituoni, na mwisho wake inaingia melini. Maneno hayo ni ya kweli, na ndiyo sababu mwaka 2020, viwanja vya ndege vilipofungwa karibu dunia nzima, sisi hatukuumia kwa namna waliyoumia wenzetu wa Nungwi na Paje. Walakini jamvi la karafuu silo linalolisha nyumba peke yake siku hizi. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Msimu mmoja mkubwa hufuatwa na misimu midogo, na katika misimu hiyo midogo nyumba nyingi za Pemba hushikwa na kijana aliye hotelini Unguja, au na ndugu aliye Maskati. Wote wawili wanategemea ndege, kwa hiyo mambo ya ndege ni mambo yetu.

Tunaandika haya kwa sababu kila inaposikika khabari ya maradhi mapya, mjadala wa zamani hurejea barazani kama kwamba haukupata kuzungumzwa. Wako wanaosema uwanja ufungwe siku ile ile na ufunguliwe maradhi yatakapokwisha duniani. Wako wanaosema usifungwe hata saa moja, maana njaa nayo inaua. Sisi tunaona ya kuwa pande zote mbili zinaligombania komeo na kulisahau daftari.

Tukumbushane yaliyotokea. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Tarehe 12 Aprili ndege za abiria kutoka nchi za nje zikasimamishwa, na tarehe 18 Mei zikaruhusiwa tena, na ile amri ya kumweka mgeni siku 14 peke yake ikaondolewa. Ilikuwa kiasi cha wiki tano tu. Nchi nyingi wakati ule zilikuwa bado zimejifungia. Watalii walioingia Zanzibar mwaka 2019 walipindukia 538,000. Mwaka 2020 walikuwa kiasi cha 260,000. Wasomaji hawahitaji tuwaeleze maana ya hesabu hiyo. Vijana walirudishwa makwao bila ya mshahara, wakashuka gati ya Mkoani na masanduku yao, na nyumba iliyokuwa ikipokea fedha kutoka Unguja ikawa na mdomo mmoja zaidi wa kulishwa.

Kwa sababu hiyo hatumo katika kundi la wanaosema kufungua mapema kulikuwa kosa. Kisiwa cha Mauritius kilifunga Machi 2020 na hakikufungua kabisa mpaka tarehe 1 Oktoba 2021, baada ya watu wake wengi kuchanjwa. Walakini Serikali ya huko ilisaidia kulipa mishahara ya wafanyakazi muda huo. Hazina ya namna hiyo sisi hatuna, na mtu asiyekuwa na akiba hawezi kuiga mfungo wa tajiri.

Kosa lilikuwa jingine. Hesabu ya wagonjwa kwa nchi nzima ilitolewa mara ya mwisho tarehe 29 Aprili 2020, nayo ilikuwa 480. Zanzibar iliendelea kutoa zake siku chache tu, kisha katika wiki ya kwanza ya Mei nayo ikanyamaza. Kwa hiyo ilipofika tarehe 18 Mei, mlango ulifunguliwa na daftari limekwisha fungwa. Hapo ndipo tulipoharibu, na khasara yake tuliiona kidogo kidogo, mahali ambapo wengi hawakuitazamia.

Mlango wa ndege hauna ufunguo mmoja. Ufunguo mmoja uko kwetu, na wa pili uko kwa yule anakotoka abiria au anakokwenda. Sisi tulizungusha wetu tukadhani kazi imekwisha. Tarehe 1 Agosti 2020 Kenya ilifungua anga yake, ikatoa orodha ya nchi ambazo watu wake wataingia bila ya kuwekwa karantini, na Tanzania haikuwamo. Serikali yetu ikajibu kwa kuizuia ndege ya Kenya Airways, na baadaye katika mwezi huo kampuni tatu nyingine za Kenya. Ugomvi ulikwisha katikati ya Septemba, baada ya Kenya kututia katika orodha. Majirani wawili walizuiliana njia muda wa wiki sita na zaidi. Ni vigumu kumlaumu jirani kwa kutokukuandika miongoni mwa watu wazima wa afya, hali umekataa kumwonyesha hesabu ya wagonjwa wako.

Mwaka 2021 ulikuwa mzito zaidi. Tarehe 22 Januari Uingereza iliwazuia wasafiri kutoka Tanzania kwa khofu ya aina mpya ya kirusi. Kisha ikaja khabari iliyoingia nyumba nyingi za Pemba kuliko ile ya Uingereza. Waziri wa Afya wa Oman alisema ya kuwa katika wasafiri waliotoka Tanzania, asilimia 18 walipimwa wakaonekana na maradhi, na kuanzia tarehe 25 Februari Oman ikazuia wasafiri kutoka nchi kumi, yetu ikiwamo. Hakuna haja ya kueleza Maskati ni nini kwa watu wa Wete na Chake Chake. Huko kuna kaka zetu, dada zetu, shangazi na wajomba. Mwenye tiketi akabaki nayo mkononi, na wa huko akaogopa kuja kuzika asije akashindwa kurudi kazini kwake. Wanachama wataona jambo hili lilivyo. Hesabu tuliyokataa kuihesabu wenyewe ilihesabiwa na wengine, kwenye viwanja vyao, kwa watu wetu, na hukumu ikatolewa bila ya sisi kuwa na karatasi ya kujitetea.

Wenzetu wa Maldives, ambao nao ni watu wa visiwa na wanakula kwa utalii kuliko sisi, walifungua tarehe 15 Julai 2020, miezi miwili tu baada yetu. Hawakungoja dunia ipone. Walakini waliendelea kutangaza wagonjwa wao, na Septemba ya mwaka ule ule walianza kumtaka mtalii aje na cheti cha kupimwa. Ni kweli ya kuwa kwao hoteli aghlabu huwa na kisiwa chake peke yake, na mgeni hakutani na wanakijiji kama anavyokutana nao Jambiani. Hilo lilikuwa lizidi kutufanya sisi tuhesabu, si tuache.

Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa jambo hili. Hakuna mwanachama aliyepeleka gunia kituoni akaambiwa, “Tunakuamini, weka pale, chukua fedha.” Gunia hufunguliwa. Karafuu hutazamwa kama imekauka, kama imechanganywa na makonyo, kama ina mpeta au takataka, kisha hupewa daraja na kupimwa mizani. Sote tumepata kunung’unika mbele ya mizani ile, na wengine wetu tuna maneno yetu juu ya daraja tulizopewa. Lakini hatujasikia mkulima aliyependekeza mizani ivunjwe ili karafuu yake ionekane nzuri.

Na kwa kuwa tumetaja karafuu, kuna neno moja hapana budi tuliseme. Katika miaka ile karafuu yetu ilitiwa katika vyungu vya kujifukizia kila mji, pamoja na tangawizi, malimau na majani ya mchaichai. Inawezekana watu waliona nafuu ya kifua, na karafuu ni kitu kizuri, nasi ndio wa mwisho wa kuisema vibaya. Lakini kujifukiza hakukuua kirusi cha korona, na Jumuiya ya wakulima isiwe miongoni mwa wanaouza karafuu kwa ahadi hiyo, hata kama bei itapanda.

Wakati vyungu vikichemka, mazishi yalifuatana. Sababu ikaitwa changamoto ya kupumua, na watu wakajifunza kutouliza zaidi. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, mzaliwa wa Mtambwe katika nchi ya mikarafuu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Chama chake kilikwisha tangaza, kabla ya hapo, ya kuwa alikuwa amepata korona. Ilikuwa tangazo la wazi katika wakati wa kunyamaza, na wazee wengi wa huku walianza kuvaa barakoa baada ya kulisikia. Baadaye mwaka huo Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilirejesha hesabu, ikapokea chanjo zaidi ya milioni moja, na tarehe 28 Julai 2021 Rais mwenyewe akachanjwa hadharani. Watalii mwaka huo walipanda wakafika kiasi cha 394,000, na mwaka 2022 wakapita hesabu ya mwaka 2019.

Hoja ya wale waliotaka kunyamaza ilikuwa ya kwamba hesabu humtisha mgeni. Na itazamwe basi kwa mfano wa Machi 2023, Serikali ilipotangaza maradhi ya Marburg mkoani Kagera. Marburg ni maradhi makali kuliko korona kwa yule anayeyapata. Wagonjwa 9 walihesabiwa, 6 wakafariki, na mwanzo wa Juni ikatangazwa ya kuwa yamekwisha. Baadhi ya nchi za Ghuba ziliwaonya raia wake wasisafiri kuja kwetu, lakini ndege hazikukatika, na mwaka huo huo Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 638,000, wengi kuliko mwaka wowote kabla yake. Mgeni alisoma hesabu na ramani, akaona Kagera iko mbali na pwani, akaja. Kama angeambiwa tu hakuna kitu, angejuaje ya kuwa ni salama?

Sasa yaliyo ya Pemba. Ndege kubwa zinashuka Unguja, na kwa sababu hiyo mipango yote ya maradhi hufanywa kama kwamba mambo yanaishia Unguja. Hayaishii huko. Mtumishi wa hoteli ndiye anayetandika kitanda cha mgeni na kubeba mzigo wake, na Ijumaa anapanda boti kuja kwa mama yake. Hata zamani ilijulikana ya kuwa bandari moja haiwezi kulindwa peke yake. Kisiwa cha Changuu kiliwekwa kuwa karantini ya abiria wa melini, na ilikuwa hekima. Lakini kile kipindupindu kikubwa cha mwaka 1869 kiliwafikia watu wa pwani kwa njia ya misafara ya bara, kisha kikavuka maji.

Tunaloomba, basi, ni kwamba siku yatakapokuja maradhi mengine, uwanja usifunguliwe kabla ya kupangwa nani atahesabu na hesabu itatolewa siku gani ya wiki, na ya Pemba itolewe peke yake, wilaya kwa wilaya, isizamishwe katika jumla. Vipimo vya Pemba vipimwe Pemba. Tunayo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi tangu mwaka 2000, na hapana haja ya sampuli kungoja boti. Mfanyakazi wa hoteli apimwe kama anavyopimwa mgeni, tena kwa gharama ya mwajiri, na akionekana ana maradhi abaki huko huko kwa mshahara wake mpaka apone. Bila ya mshahara atayaficha na atakuja nayo nyumbani, nasi hatutamlaumu.

Rasimu ya barua kwa Wizara ya Afya yenye maombi haya itasomwa katika mkutano ujao wa matawi. Wanachama wenye watoto mahotelini wanaombwa waje nao, kwani liko jambo la mkataba wa kazi ambalo sisi wa mashamba hatulijui vizuri, nao wanalijua.